Titani nyuma ya sikio: hotuba kwa wagonjwa wa neva ya tano

Shikamooni wazee wangu. Ndugu wagonjwa, jamaa mliowasindikiza, wauguzi na madaktari wenzangu, nawasalimu nyote. Nawashukuru hasa ninyi mliokuja ingawa kuzungumza tu, au kupigwa na upepo wa dirishani, kunaweza kuwaamshia maumivu.

Kila ninapomweleza mgonjwa upasuaji wa neva ya tano, ile inayobeba hisia za uso, hunisikiliza kwa utulivu mpaka nitaje titani, metali nyepesi tunayoiacha mwilini. Hapo maswali yanaanza. Daktari, utaniwekea chuma kichwani? Hicho chuma ndicho kitakachoubana mshipa? Hakitashika kutu? Nikikaa juani hakitapata moto? Na yule aliyekwisha kupasuliwa, maumivu yakimrudia baada ya miaka kadhaa, kitu cha kwanza anachokishuku ni lile bamba analolipapasa kwa kidole nyuma ya sikio. Maswali haya ni ya haki na leo nitayajibu kwa urefu. Kwa ufupi, titani haiondoi maumivu. Kinachoyaondoa ni nafasi tunayoiweka kati ya mshipa wa damu na neva. Titani kazi yake ni kuilinda nafasi hiyo kwa wagonjwa wachache, na kwa wengi ni kufunga tu tundu tulilopitia. Naomba mshike tofauti hiyo, kwa sababu mengi nitakayosema yanatoka hapo.

Neva ya tano hutoka kwenye shina la ubongo, moja kila upande, kisha hugawanyika matawi matatu. Tawi la kwanza huenda kwenye paji la uso na jicho, la pili kwenye shavu na taya la juu, la tatu kwenye taya la chini. Kwa neva hii unajua kwamba maji ni ya baridi, kwamba nzi ametua shavuni, kwamba chakula kimegusa fizi. Msiichanganye na neva ya saba, ambayo huchezesha misuli ya uso. Charles Bell, daktari Mskoti, alisaidia sana kuzitenganisha kazi za neva hizi mbili mwanzoni mwa karne ya 19, na kabla ya hapo wapo waliokatwa neva isiyo na hatia wakabaki na uso uliopooza na maumivu yaleyale.

Maumivu yenyewe hamhitaji kuelezwa na mimi. Kwa jamaa waliokuja nao nitasema machache. Huja ghafla, karibu kila mara upande mmoja wa uso, kwa nguvu ya shoti ya umeme. Hudumu chini ya sekunde moja hadi dakika 2, yanaachia, kisha yanarudi, na kwa siku mbaya yanaweza kurudi mara nyingi mno. Kinachoyaamsha ni kitu ambacho kwa mtu mwingine si kitu: kupiga mswaki, kunyoa ndevu, kunawa uso, kutafuna, kubusiwa na mjukuu. Mfaransa Nicolas André aliyaandika mwaka 1756, na John Fothergill akayaeleza mbele ya madaktari wenzake London mwaka 1773 kwa usahihi ambao hata leo ungetosha kumfundishia mwanafunzi. Katika watu 100,000, wanaopata ugonjwa huu kila mwaka wanakadiriwa kuwa kati ya 4 na 13. Wanawake ni wengi kuliko wanaume, na wengi wao wamevuka miaka 50.

Kwa kuwa ni ugonjwa wa wachache, wengi hupita kwanza kwa daktari wa meno. Jino linang'olewa, maumivu yanabaki. Linang'olewa la pili, maumivu yanabaki. Nimewaona waliofika kwangu na upande mzima wa taya ukiwa mtupu, na kila jino lililotoka lilikuwa zima. Hili linanitia uchungu kila mara. Wenzangu wa meno mlio hapa, nawaomba kwa heshima: mgonjwa akisema maumivu ni ya sekunde chache, yanaamshwa na mguso mwepesi, na picha ya jino haionyeshi tatizo, wekeni koleo chini na mwandike barua ya rufaa.

Sasa chanzo. Mwaka 1934, Walter Dandy, daktari mpasuaji wa Baltimore, Marekani, alieleza alichokiona kwa wagonjwa zaidi ya 200 aliowafungua nyuma ya fuvu: kwa karibu nusu yao palikuwa na mshipa wa damu ulioegemea neva pale inapoingia kwenye shina la ubongo. Hakuwa na hadubini ya upasuaji, alitumia macho yake tu, na wengi hawakumwamini. Mwaka 1959, W. James Gardner wa Cleveland aliandika kuhusu kuitenga neva na mshipa kwa kuweka kitu laini katikati. Kisha Peter Jannetta, akiwa bado katika masomo ya ubingwa Los Angeles, alianza mwaka 1966 kuifanya kazi hiyo chini ya hadubini, na baadaye akaiendeleza kwa miaka mingi Pittsburgh. Upasuaji tunaoufanya leo umejengwa juu ya mikono ya hao watatu.

Mshipa unaohusika mara nyingi ni ateri, yaani mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, na hasa ateri ya juu ya ubongo mdogo, ile sehemu ya ubongo iliyo nyuma chini ya kichwa. Mtu anapozeeka, ateri hurefuka na kujipinda, na pindo moja linaweza kuilalia neva. Kila moyo unapodunda, ateri inaigonga neva mahali palepale, mchana na usiku, miaka nenda miaka rudi. Neva zetu zimefunikwa na mayelini, ganda la mafuta linalofanya kazi ileile ya plastiki iliyozunguka waya wa umeme. Ganda likichubuka, nyuzi zilizokuwa zimetengana zinagusana, na ishara ya mguso mwepesi inarukia kwenye nyuzi za maumivu. Ndiyo maana unyoya tu unaweza kumtoa mtu machozi.

Sio kila mgonjwa ana mshipa unaogonga. Wachache wana uvimbe unaoisukuma neva, na wachache wana ugonjwa ambao kinga ya mwili yenyewe inaila mayelini. Huu wa pili tunaufikiria hasa kwa kijana, au kwa mtu anayeumwa pande zote mbili. Kwa hiyo kipimo cha MRI, picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku kubwa, ni cha lazima kabla ya mazungumzo yoyote ya kisu, na kiwe na picha nyembamba zinazoonyesha neva na mishipa ndani ya maji ya ubongo. MRI ya kawaida ya kichwa mara nyingi haitoshi.

Wala kisu hakitangulii. Tangu Sigfrid Blom wa Sweden alipoandika mwaka 1962 kuhusu kabamazepini, dawa hiyo imebaki ya kwanza. Inatuliza wengi, tena haraka kiasi kwamba nafuu yake yenyewe hututhibitishia ugonjwa. Lakini huleta usingizi, kizunguzungu, kupungua kwa chumvi ya damu, na kwa wachache vipele vya hatari vya ngozi. Ikishindwa, au mgonjwa asipoweza kuivumilia, ndipo tunakaa chini kuzungumza juu ya upasuaji.

Niwapeleke sasa ndani ya chumba cha upasuaji, maana hapa ndipo titani inapoingia.

Mgonjwa amelala kwa nusukaputi, ubavu mmoja, kichwa kimeshikwa kisicheze. Tunachana ngozi nyuma ya sikio, ndani ya mstari wa nywele, kisha tunatoboa mfupa. Tundu lina upana wa sentimita 2.5 hadi 3. Mahali pake hapachaguliwi ovyo: pembeni yake kuna mishipa miwili mikubwa inayokusanya damu chafu ya ubongo, na tundu linakaa kwenye kona wanapokutana. Tukikosea kidogo upande mmoja, damu nyingi. Tukikosea upande mwingine, neva haionekani. Tunafungua utando mgumu, tunaacha maji ya ubongo yatoke taratibu mpaka ubongo mdogo ulegee wenyewe, na hapo njia inafunguka bila kuuvuta kwa nguvu. Muda wote huo mtaalamu anapima mawimbi ya kusikia, kwa sababu neva ya kusikia ipo jirani kabisa na haipendi kusumbuliwa.

Chini ya hadubini tunaiona neva ya tano, nyeupe, bapa, na mara nyingi ateri imeikalia. Tunakata nyuzi za utando laini zinazoishika neva na ateri pamoja, tunainua ateri, tunaitazama neva pande zote, maana wakati mwingine mshipa wa pili umejificha chini. Kisha tunaweka vipande vya Teflon, aina ya plastiki, vilivyochambuliwa vikawa laini kama pamba. Zamani walitumia hata kipande cha misuli ya mgonjwa mwenyewe, lakini misuli hunyauka na nafasi ikafungika tena. Teflon hainyauki. Angalieni basi: kwa mgonjwa wa kawaida, kitu kinachobaki karibu na neva si metali.

Ila kuna ateri ambazo Teflon haiziwezi. Kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wenye shinikizo la damu la miaka mingi, ateri kubwa inayolisha shina la ubongo imepanuka, imerefuka na kuwa ngumu, na yenyewe ndiyo inayoilalia neva. Ukiweka Teflon katikati, umeongeza tu kitu kingine cha kuibana neva, kwa sababu nguvu ya ateri ile iko palepale. Hapo inabidi ateri ihamishwe. Tunaipitishia kitanzi chembamba, cha utando au cha kitambaa cha kitabibu, tunaivuta mbali na neva kwa kipimo, kisha ncha za kitanzi tunazishikiza kwenye utando mgumu ulio pembeni. Wapo wanaoshona kwa uzi. Wapo wanaotumia kibanio kidogo cha titani, kilekile kilichobuniwa kwa ajili ya kufunga mishipa ya ubongo iliyovimba, na hata kuna vibanio vyenye dirisha, ambavyo kitu hupita ndani bila kubanwa.

Mimi napenda kibanio pale ambapo kina ni kirefu na sindano haina nafasi ya kugeuka. Kushona fundo mahali ambapo mikono miwili haienei, huku ateri inayolisha shina la ubongo inadunda mbele yako, ni hatari ambayo kibanio kinaipunguza. Lakini nasisitiza kwa madaktari vijana: kibanio kinashika kitanzi na utando. Kisiiguse neva, na kisiibane ateri yenyewe wala vijitawi vyake vidogo, maana kijitawi kimoja kikizibwa, shina la ubongo linakosa damu. Baada ya kukiweka, tulia. Angalia ateri inavyodunda katika nafasi yake mpya. Angalia kama imejikunja. Ndipo urudi nyuma.

Kisha tunafunga. Utando unashonwa. Vyumba vidogo vya hewa vilivyo ndani ya mfupa wa nyuma ya sikio vinazibwa kwa nta ya mfupa ili maji ya ubongo yasipenye kuelekea sikioni na puani. Na kwenye tundu la mfupa tunaweka bamba jembamba la titani lenye matundu, unene wake chini ya milimita 1, linalokunjwa kwa mkono lifuate umbo la fuvu na kushikwa kwa skrubu fupi za milimita 4 au 5. Kama tulitoa mfupa ukiwa kipande kizima, tunaurudisha wenyewe na kuushika kwa vibamba vidogo vya titani pembeni.

Kwa nini tusiache tundu wazi, misuli ikafunika? Wengi walifanya hivyo zamani, na wagonjwa wao walipona maumivu ya uso. Lakini misuli ya shingo ikishikamana moja kwa moja na utando wa ubongo, kila mara mtu anapogeuza kichwa inauvuta utando huo, na utando huo unahisi maumivu. Baadhi ya wagonjwa waliokolewa na maumivu ya uso wakaingia kwenye maumivu ya kichwa yasiyokwisha. Kufunga tundu hupunguza jambo hilo, huzuia shimo kuonekana na kuguswa nyuma ya sikio, na huiongezea ngome sehemu ambayo maji yangeweza kuvuja. Hiyo ndiyo kazi ya lile bamba mnalolipapasa. Lipo nje ya utando, nje ya ubongo, na neva ya tano ipo mbali nalo, ndani kabisa.

Sasa, kwa nini titani, si metali nyingine? William Gregor, kasisi wa Cornwall huko Uingereza aliyependa madini, aliigundua mwaka 1791 katika mchanga mweusi wa mtoni, na Martin Klaproth wa Berlin akaipa jina mwaka 1795. Ilikaa zaidi ya karne bila kazi kubwa kwa sababu kuisafisha ni kugumu mno. Mwili wa binadamu ni mahali pabaya kwa metali: kuna joto, kuna chumvi, kuna maji wakati wote. Chuma cha kawaida kingeliwa na kutu. Titani ikigusa hewa hujivika papo hapo ganda jembamba sana la oksidi, na ganda hilo likikwaruzwa hujirudia lenyewe. Kwa hiyo, mzee uliyeniuliza juu ya kutu, jibu ni hapana. Na jua halitaichemsha. Ipo chini ya ngozi na misuli, kwenye joto lako mwenyewe, ingawa wapo wachache wanaohisi ubaridi mahali pale hali ya hewa inapobadilika.

Msweden Per-Ingvar Brånemark aliligundua jambo jingine miaka ya 1950. Alikuwa akichunguza mtiririko wa damu ndani ya mfupa wa sungura kwa kutumia vyombo vya titani, na alipotaka kuvitoa akakuta vimeshikana na mfupa. Mwaka 1965 akamwekea binadamu wa kwanza mizizi ya meno ya titani. Kwa hiyo skrubu zile ndogo za fuvuni hazikai tu kwa kubanwa. Mfupa huzikaribia na kuzikumbatia.

Tena ni nyepesi. Sentimita moja ya ujazo ya titani ina gramu 4.5, na ya chuma cha pua ni karibu 8. Na haivutwi na sumaku kama chuma. Hili la mwisho ni kubwa kuliko yote kwa mgonjwa wetu, kwa sababu baada ya upasuaji atahitaji MRI tena wakati fulani wa maisha yake. Mwaka 1993 iliripotiwa habari ya mgonjwa aliyeingizwa kwenye mashine ya MRI akiwa na kibanio cha zamani cha ubongo, cha metali inayovutwa na sumaku. Kibanio kilisogea, kikachana mshipa, akafariki. Vibanio na mabamba ya titani hayasogei namna hiyo kwenye mashine za kawaida za hospitali. Huharibu picha kidogo karibu na pale yalipo, kwa kuacha kivuli cheusi, lakini ni kidogo kuliko chuma cha pua, na bamba la nyuma ya sikio kwa kawaida halizuii kuiona neva.

Sitaki mtoke hapa mkidhani titani haina kasoro. Ni kitu kigeni mwilini. Bakteria wakifika juu yake hujenga makazi ambayo dawa hazipenyi vizuri, na mara nyingi suluhisho ni kulitoa bamba. Ngozi ikiwa nyembamba, kwa mtu aliyekonda sana au aliyewahi kupigwa mionzi mahali hapo, ncha ya bamba inaweza kuichubua kutoka ndani mpaka itokeze. Skrubu inaweza kulegea. Mzio wa titani upo, ila ni nadra sana. Mzio wa nikeli ndio wa kawaida, na titani safi haina nikeli. Na kwa maoni yangu, ambayo si kila mwenzangu anayakubali, tunatumia titani nyingi kuliko inavyohitajika. Pale mfupa wa mgonjwa umetoka mzima na unaingia vizuri, urudishwe. Vibamba viwili vidogo vinatosha. Bamba kubwa la wavu liwe kwa yule ambaye mfupa wake umesagika wakati wa kutoboa.

Kuna kitu kingine cha titani ambacho wagonjwa hukichanganya na habari hii, nacho ni mizizi ya meno. Skrubu ya titani inayowekwa taya la chini ikizama mno, inaweza kujeruhi tawi la tatu la neva ya tano, ambalo hupita ndani ya taya. Hayo nayo ni maumivu ya neva ya tano, lakini ni ugonjwa mwingine: huanza mara baada ya kuwekewa jino, huwaka bila kuachia, na mdomo wa chini au kidevu hupata ganzi. Upasuaji wa nyuma ya sikio hautibu hayo, kwa sababu hakuna mshipa unaogonga. Mwenye dalili hizo arudi kwa aliyemwekea jino haraka, ikiwezekana siku hiyohiyo, maana skrubu ikitolewa mapema neva ina nafasi ya kupona.

Mtaniuliza: upasuaji huu unafaulu kiasi gani? Mwaka 1996, kundi la Jannetta lilitoa taarifa ya wagonjwa 1,185 waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Miaka 10 baada ya upasuaji, asilimia 70 walikuwa hawana maumivu na hawatumii dawa. Hakuna tiba nyingine ya ugonjwa huu iliyoonyesha matokeo ya kudumu kuliko hayo. Katika kundi hilo wawili walifariki, na asilimia 1 hivi walipoteza usikivu wa sikio la upande uliopasuliwa. Nawatajia haya kwa sababu anayesaini fomu ya ridhaa anastahili kuyajua yote. Tena matokeo hayo ni ya mikono iliyofanya kazi hii mara nyingi sana. Kumwuliza daktari wako amekwisha kufanya upasuaji huu kwa wangapi si utovu wa adabu. Mimi nikiulizwa hufurahi.

Kwa asiyeweza kuvumilia nusukaputi ndefu, ziko njia nyingine. Sindano hupitishwa shavuni mpaka kwenye kiini cha neva, kisha nyuzi zake hujeruhiwa makusudi kwa joto, kwa gliserini, au kwa puto dogo linalojazwa na kutolewa. Iko pia mionzi iliyolengwa, ambayo Lars Leksell wa Stockholm aliijaribu kwa ugonjwa huu tangu miaka ya 1950. Nafuu yake huchukua wiki au miezi kuonekana. Njia hizi haziachi metali yoyote mwilini. Lakini haziuondoi mshipa unaogonga, huacha ganzi kwa wengi, na maumivu hurudi mapema zaidi. Kwa mzee wa miaka 85 mwenye moyo dhaifu, bado ningemshauri sindano bila kusita.

Na maumivu yakirudi baada ya upasuaji? Usianze na bamba. Vinavyorudisha maumivu viko ndani: Teflon imesogea, au imezungukwa na kovu gumu linaloibana neva upya, au ateri nyingine imejipinda, au kitanzi kimelegea, au neva ilikwisha kuchakaa kabla hatujaifikia. Kipimo cha kwanza ni MRI yenye picha nyembamba, ileile niliyoitaja, na wakati mwingine upasuaji wa pili husaidia. Kuligusa bamba, kulishinikiza, au kumwomba daktari alitoe kwa kudhani ndilo linalotuma shoti shavuni, hakutakupa nafuu. Bamba likiwa na tatizo lake lenyewe, utalijua kwa dalili zake: wekundu, uvimbe, usaha, ngozi inayokonda juu yake, au maji yanayovuja. Hayo yakitokea, njoo siku hiyohiyo. Maji maangavu kama ya kunywa yakidondoka puani au yakitoka kwenye kidonda, usisubiri kesho. Huenda ni maji ya ubongo.

Jambo la mwisho linawahusu ninyi wenyewe na makaratasi yenu. Kabla hujaruhusiwa kutoka wodini, omba nakala ya maelezo ya upasuaji na karatasi ya vipandikizi. Karatasi hiyo iwe na aina ya metali, kiwanda, namba ya kundi la utengenezaji, mahali ilipowekwa na tarehe. Muulize daktari wazi: je, ndani ya fuvu mmeniwekea kibanio, au ni bamba la nje tu? Piga picha karatasi hiyo kwa simu, na umpe mtu mmoja wa nyumbani nakala yake. Siku utakapohitaji MRI, labda kwa goti au kwa mgongo, fundi wa mashine atakuuliza kama una metali mwilini, na akikosa jibu la uhakika anaweza kukurudisha nyumbani, na atakuwa amefanya sahihi. Waliopasuliwa miaka mingi iliyopita na hawana karatasi, nendeni kwenye chumba cha kumbukumbu cha hospitali iliyowapasua mkaombe jalada lenu. Likikosekana, picha ya eksirei ya fuvu itaonyesha kilichopo na umbo lake, ingawa haitataja aina ya metali. Kwenye lango la ukaguzi la uwanja wa ndege, vibamba vidogo hivi kwa kawaida havilizi kengele, lakini karatasi isaidie endapo italia.

Wauguzi wangu wameandaa nakala tupu za karatasi hiyo, zipo mezani pale mlangoni. Chukueni, hata kama upasuaji wenu ni wa mwakani. Sasa naomba maswali, tuanze na wale ambao kuongea kunawaumiza. Andikeni kwenye kijikaratasi, nitayasoma mimi.